Mzigo Mzito Mpe Gurudumu: Kupakua Mizigo Bila Kuumia

Kipindi cha 9. Msemaji: muuguzi wa afya ya jamii. Muda: dakika 20.

(Muziki kwa sekunde kumi, kisha unashuka.)

Amosou uduto, popote mlipo, iwe ni Nyalenda, Manyatta au Kondele, au kule ufuoni Dunga, Usoma na Mbita. Karibu tena tuzungumze juu ya afya ya mama na ya wale anaowalea. Kama una mtungi wa maji kichwani, utue kwanza. Kama unamnyonyesha mtoto, endelea tu, tutazungumza taratibu.

Leo nataka tuangalie dakika tano ambazo wengi wetu hatuzifikirii kamwe. Ni zile dakika tano mzigo unapofika. Boda boda amesimama mlangoni na gunia la mahindi kutoka nyumbani. Mkokoteni wa maji umefika na mitungi kumi. Lori limeleta viazi sokoni Kibuye na utingo anapiga kelele, "Mama, shika huku, tuna haraka!" Hapo ndipo migongo mingi huharibikia. Hapo ndipo watoto huangukiwa na magunia.

Nitaanza na yangu mwenyewe. Nilikuwa na wiki nne tangu nijifungue kitinda mimba wangu. Mama mzazi alinitumia nusu gunia la mahindi, yaani kilo 45. Mwenye boda boda alikuwa na haraka, akafungua mpira uliofunga gunia kabla sijakaa sawa. Gunia likaanza kuteleza upande wangu. Mtoto wangu wa miaka mitatu alikuwa amesimama papo hapo, karibu na gurudumu la nyuma. Ningefanya nini? Nikalidaka. Mtoto hakuguswa, namshukuru Mungu. Lakini usiku ule, nilipokwenda kuoga, nilihisi kitu kizito kimeshuka chini, kama yai lililokwama njiani. Mfuko wa uzazi ulikuwa umeshuka.

Mimi ni muuguzi. Nimewafundisha akina mama wengi jambo hilo hilo. Hata hivyo nilikaa kimya miezi mitano kwa sababu ya aibu. Ndiyo maana leo nasema hadharani, kwamba gunia lile halikuhitaji ushujaa wangu. Lilihitaji tairi kuukuu chini, ubao mmoja, na mtu wa kumshika mtoto mkono.

Wahenga walisema, mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Walisema hivyo kwa sababu Wanyamwezi walikuwa wapagazi hodari wa misafara ya zamani. Lakini mnajua mpagazi wa msafara alibeba kilo ngapi? Kwa kawaida ni kama kilo 30. Huyo ni mwanamume mwenye nguvu, na kubeba ndiyo kazi yake. Sasa tazama gunia letu la mahindi la kilo 90. Ni mizigo ya wapagazi watatu, nasi twamwambia mama mmoja ashike huku, na utingo ashike kule. Basi mimi nasema, mzigo mzito mpe gurudumu.

Tuelewe kwanza kinachotokea mwilini. Chukua pakiti ya sukari ya kilo mbili, ikumbatie kifuani. Ni nyepesi. Sasa inyoshe mbele kwa mkono ulionyooka, uhesabu mpaka sitini. Bega linaanza kuwaka moto, ingawa sukari ni ile ile. Mgongo nao ni hivyo. Mzigo ukiwa mbali na mwili, uti wa mgongo unafanya kazi mara nyingi zaidi ya uzito wenyewe. Unapoinama ukutani mwa lori na kuvuta gunia lililo mbali, wewe hujabeba kilo 50 tu. Mgongo wako umebeba zaidi.

Jambo la pili ni sakafu ya nyonga. Chini ya tumbo kuna misuli iliyotandazwa kama machela. Machela hiyo ndiyo inayobeba kibofu, mfuko wa uzazi na utumbo wa mwisho. Unapobana pumzi na kunyanyua kitu kizito, tumbo linasukuma chini kwa nguvu. Mama aliyezaa karibuni, machela yake bado imelegea. Mama mjamzito, machela yake tayari ina mzigo. Mama aliyezaa watoto wengi, au ambaye umri umesonga, machela yake imechoka. Hawa watatu wasiguse gunia.

Jambo la tatu ambalo wengi hawalijui ni kwamba mtu anaweza kuumia wakati wa kushusha pia, si wakati wa kunyanyua tu. Unapopandisha uko macho. Unapotua umechoka, unataka kumaliza, unageuza kiuno huku umebeba, kisha unaachilia. Kwa hiyo vifaa nitakavyovitaja sasa vingi ni vya kuteremshia.

(Muziki mfupi.)

Kifaa cha kwanza ni gunia dogo. Ndiyo, gunia dogo ni kifaa. Kabla mzigo haujaanza safari, mwambie anayekutumia aufunge katika vipande viwili au vitatu. Mahindi ya gunia moja yagawe katika mifuko minne, kila mmoja utakuwa na kilo 22 au 23. Kanuni za zao la viazi za mwaka 2019 hapa Kenya zinataka gunia la viazi lisizidi kilo 50, ingawa sokoni bado tunayaona yale yaliyoshonewa kilemba juu. Wewe mnunuzi una haki ya kuyakataa. Na ujue uzito wa vitu vyako. Mtungi wa maji wa lita 20 ni kilo 20 na zaidi kidogo. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Mtungi wa gesi wa kilo 13, hizo 13 ni gesi peke yake. Uzito wa chuma umeandikwa kwenye mtungi wenyewe, na ukijumlisha utapita kilo 25.

Kifaa cha pili ni tairi kuukuu la gari. Liweke chini mahali gunia litakapotua. Gunia likiteleza kutoka kwenye pikipiki au ukingoni mwa lori, lianguke kwenye tairi. Halitapasuka, wala hutalidaka kwa kifua. Mahindi yakimwagika tutayaokota. Uti wa mgongo hauokotwi. Lakini angalizo moja: mtungi wa gesi usiutupe hata kwenye tairi. Uteremshwe polepole na watu wawili, ukae wima, kizibo cha valvu kikiwa mahali pake.

Kifaa cha tatu ni ubao wa mteremko. Sakafu ya lori ikiwa na kimo cha mita moja, tafuta ubao imara wa mita tatu, wenye unene wa inchi mbili. Ukiuegemeza, mzigo utashuka kwa kuteleza badala ya kubebwa. Kadiri ubao ulivyo mrefu ndivyo kazi inavyokuwa nyepesi. Pigilia vipingo vidogo upande wa chini ili ncha ya juu ishike kwenye ukingo wa lori na isiteleze. Ukiwa umelowa mvua au maji ya ziwa, nyunyiza mchanga anapokanyaga mtu. Na sheria ya ubao ni hii: mtu asisimame chini ya mzigo. Anayeteremsha akae juu au kando. Kama ni pipa, pitisha kamba, zungusha mara moja kwenye nguzo ya lori, kisha achilia kamba kidogo kidogo. Nguzo ndiyo itakayobeba uzito, si mikono yako.

Kifaa cha nne ni gurudumu, na hapa tuko nyumbani. Watu wa Kisumu wanaijua bandari yetu. Reli ilifika hapa mwaka 1901. Miaka ya 1960 ikajengwa meli ya MV Uhuru, ambayo reli zimeingia mpaka ndani ya tumbo lake. Mabehewa mazima ya treni yanasukumwa kutoka nchi kavu, yanaingia melini kwa magurudumu yake yenyewe, yanavuka ziwa kwenda Uganda, na kule yanatoka vivyo hivyo. Ilikaa bila kazi miaka mingi, ikarudishwa kazini mwaka 2019. Fikiria, tani na tani za mzigo zinapita pale na hakuna mtu aliyelibeba behewa begani. Kama wakubwa wa bandari walilielewa jambo hilo, kwa nini mama wa omena asilielewe?

Magurudumu yetu ni matatu. Kuna wilibaro. Weka mzigo karibu na gurudumu, si karibu na mikono, ili gurudumu ndilo libebe. Ufuoni penye mchanga, tandaza mbao mbili au tatu za kupitishia, la sivyo gurudumu litazama na utaishia kulinyanyua. Kuna mkokoteni. Kabla ya kupakua, weka jiwe mbele na nyuma ya kila gurudumu. Toa mzigo mmoja mbele, mmoja nyuma, kwa zamu. Ukitoa wa mbele yote kwanza, mkokoteni utainuka na mikono yake itampiga mtu kidevuni. Kuna pia kile kigari cha kusimama chenye magurudumu mawili, kinachotumiwa na wenye maduka kusukuma kreti za soda. Wengi hukiita toroli. Unaingiza bamba lake chini ya mzigo, unakilaza nyuma kidogo, unatembea. Kwa mtungi wa gesi na kreti za samaki, sijaona kitu kizuri zaidi kwa nyumba ndogo. Funga mzigo kwa mpira kabla ya kukilaza.

Kifaa cha tano ni mpiko, ule mti wa watu wawili. Mashua ikifika na kreti ya mbuta iliyojaa barafu, usiiweke kichwani. Pitisha kamba mbili, ingiza mti, mmoja mbele na mwingine nyuma, mwenye kimo kinacholingana na mwenzake. Mmoja ndiye ahesabu: moja, mbili, tatu, juu. Na kutua pia mhesabu. Mmoja akitua kabla ya mwenziwe, yule aliyebaki anaweza kuumia.

Kifaa cha sita ni kapi, lile gurudumu lenye mfereji wa kupitishia kamba. Nyalenda na Manyatta tuna visima vingi vifupi, na akina mama bado wanavuta ndoo kwa kuinama juu ya shimo. Kapi moja iliyofungwa kwenye mti imara juu ya kisima haipunguzi uzito wa ndoo, lakini inakuwezesha kusimama wima na kuvuta kuelekea chini, uzito wa mwili wako ukikusaidia. Ukiongeza kapi ya pili inayopanda pamoja na mzigo, nguvu unayohitaji inapungua karibu nusu, ila kamba utaivuta mara mbili ya urefu. Mwenye duka lenye stoo ya juu atumie njia hiyo hiyo. Kagua kamba kila wiki, na ikianza kunyoka nyuzi, itupe. Usizungushe kamba mkononi, maana ndoo ikiponyoka itakuvuta nawe shimoni. Na kisima kifunikwe, tafadhali, kwa ajili ya watoto.

Kifaa cha mwisho ni meza au benchi. Usitue mzigo chini kabisa kama utaunyanyua tena kesho. Weka mbao juu ya matofali mpaka kimo cha goti au kiuno, na magunia yakae hapo. Mgongo utapona, na mahindi hayatapata unyevu wa sakafu unaoleta kuvu yenye sumu.

Ukiwa huna kifaa chochote, na mzigo ni mdogo, basi sogea karibu nao. Tanua miguu, kunja magoti, ukumbatie mzigo kifuani, toa pumzi huku ukiinuka. Geuka kwa miguu, si kwa kiuno. Na usinyanyue mzigo ukiwa na mtoto mgongoni. Mpe mtu amshike kwanza.

(Muziki mfupi.)

Sasa nizungumze na aliye mjamzito na aliyejifungua karibuni. Mama aliyejifungua kwa upasuaji, kwa wiki sita asibebe kitu kizito kuliko mtoto wake. Mtungi wa lita 20 si mtoto wako. Aliyejifungua kwa njia ya kawaida naye asubiri wiki hizo sita, aanze polepole na vitu vyepesi. Baba, mama mkwe, shemeji, kama mnanisikia, maji ya nyumba hiyo ni kazi yenu kwa wiki sita. Si kumdekeza mke. Ni kulinda mfuko wa uzazi na kulinda maziwa ya mtoto.

Kwa wale mlioajiriwa sokoni, dukani au kwenye ghala, iko Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Inamkataza mwajiri kumtaka mfanyakazi abebe mzigo ambao kwa uzito wake unaweza kumuumiza. Shirika la Kazi Duniani nalo tangu mwaka 1967 limependekeza kwamba mzigo wa mwanamume mzima usizidi kilo 55, na wa mwanamke uwe mdogo zaidi ya huo kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo ukisema, "Bosi, hili gunia tuligawe," wewe si mvivu. Unaijua haki yako.

Zipo dalili ambazo hazisubiri. Ukihisi maumivu ya mgongo yanayoshuka mguuni pamoja na ganzi, nenda kituo cha afya. Ukishindwa kuzuia mkojo au choo baada ya kunyanyua, au ganzi ikiwa katikati ya mapaja, hiyo ni dharura, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mjamzito akitokwa na damu au maji, au akipata uchungu kabla ya wakati, hospitali mara moja. Mtoto aliyeangukiwa na mzigo, hata kama ameacha kulia, apelekwe akaangaliwe, hasa kama ni kichwani au tumboni. Usimkande, usimpe dawa ya maumivu umlaze tu.

Na wewe unayehisi kitu kimeshuka ukeni, usifanye kama mimi niliyenyamaza miezi mitano. Si laana, wala si ugonjwa wa wazinzi. Inatibika. Iliyo ndogo husaidiwa na mazoezi. Kaza misuli ya chini kana kwamba unazuia mkojo, hesabu mpaka tano, legeza. Fanya mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Iliyozidi huwekewa pete maalumu ya kuzuia, au hufanyiwa upasuaji. Anza kwenye zahanati iliyo karibu. Ikihitajika watakuandikia barua ya kwenda hospitali kubwa, kama ile ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wengi wetu bado twaiita Russia. Mimi nilipewa pete na mazoezi. Leo natembea, nacheka, napiga chafya bila hofu.

Najua kuna anayeuliza, "Dada, toroli nitaitoa wapi, na hata unga ni wa kupima kwa gorogoro?" Ni swali la haki. Tairi kuukuu utalipata kwa fundi wa magari. Ubao mmoja unaweza kutumiwa na nyumba kumi. Toroli na kapi si lazima kila mama awe nazo. Chama chenu kikikutana wiki hii, wekeni hela kidogo kidogo mpaka mnunue toroli moja ya mtaa, na akae nayo mama mmoja mwaminifu. Tunanunuliana sufuria na mablanketi kwa zamu. Tunashindwaje kununua kitu cha kutulindia migongo?

Na kwa boda boda wetu, nawaomba jambo moja. Ukifika mlangoni, usifungue mpira mpaka umeuliza, "Mama, watoto wako wapi?" Mwenye mzigo naye asijibu kwa kubahatisha. Atazame, awaone kwa macho, mmoja mmoja, wakiwa hatua kumi kando. Halafu ndipo mzigo ushuke. Swali hilo moja lingenitosha mimi siku ile.

Nakuaga kwa leo, mpendwa msikilizaji. Kabla hujaurudisha mtungi kichwani, mwite mwenzako akutwike. Kwaheri.

(Muziki unapanda.)

Mambo ya kukumbuka
Gawa mzigo kabla haujaanza safari. Watoto kando kwanza, ndipo ufungue. Tairi chini, ubao kwenye lori, gurudumu njiani, benchi ya kutulia. Mjamzito na aliyejifungua ndani ya wiki sita asiguse mzigo mzito. Kitu kikishuka, sema mapema.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi
1. Mzigo mzito ukifika nyumbani kwako, ni nani huupokea, na watoto huwa wapi?
2. Ni vifaa gani kati ya tulivyovitaja vinapatikana mtaani kwenu bila kununua?
3. Ni nani atakayechota maji katika nyumba yenye mama aliyejifungua wiki hii?
4. Kwa nini akina mama huficha tatizo la mfuko wa uzazi kushuka, nasi tuwasaidieje waseme?